Mkono Uliopanda katika Nchi ya Itikia

Haya ninayowasimulia ni kweli tupu, kweli isiyotiwa maji. Naapa kwa kipara changu hiki mnachokichekea chinichini, na kama kiapo hicho hakiwatoshi, namweka rehani huyu jogoo niliyetoka naye gulioni, huyu hapa kikapuni, mwekundu, mwenye maringo kuliko mwenye nyumba. Atakayenikamata na uongo mmoja, mmoja tu, aondoke naye. Projekta yenu imegoma kuwaka, mwalimu wenu kaenda kumtafuta fundi, na mimi, mstaafu wa reli niliyejifundisha kusoma kwa magazeti ya kufungia maandazi, ndiye niliyeachiwa darasa la saba zima. Basi kaeni vizuri. Na njia ya kufika huko msiniulize. Njia haina utamu.

Mwenye hadithi ni Mwalimu Fidea Mlowe, mwanamke mfupi, sauti yake ndogo kama ya mtu anayeongea na mtoto aliyelala. Alikuwa safarini kwenda semina, akapotea, akajikuta mpakani mwa nchi iitwayo Itikia. Askari wa mpaka hakumwomba pasipoti.

"Piga kelele, mama," alimwambia.

"Kelele ya nini?"

"Yoyote. Tunapima."

Fidea akasema, "Jamani!" Askari akatazama kidude chenye mshale mkononi mwake, akasikitika. "Hafifu. Kazi yako nini?"

"Mwalimu."

"Kwa sauti hii?" Akamwangalia kama anayeangalia mgonjwa. "Haya, hatuna jinsi. Walimu wetu wengi koo zimekufa. Utachukua Sita B. Mwalimu wao siku hizi anaongea kwa kuandika. Na ujue sheria: hutoki Itikia mpaka darasa lako liitikie ipasavyo."

Ndivyo alivyoajiriwa. Na kabla ya jua kuzama alikuwa ameshaelewa amefika wapi.

Zamani, wakubwa wa Itikia waliamua kwamba elimu lazima ipimwe. Si jambo baya. Wakakaa kikao wakajiuliza: mtoto akielewa, inaonekana wapi? Mmoja akasema machoni. Mwingine akasema kwenye vitu anavyotengeneza. Wakaona hayo yatawachukulia muda mrefu. Ndipo mmoja akasimama akasema: mwalimu akimaliza somo si huuliza, "Tumeelewana?" Na watoto si hujibu, "Ndiyooo!" Basi tuipime hiyo Ndiyo. Kikao kikalipuka kwa makofi. Likaundwa Sikio, kisanduku chenye mshale, likatundikwa ukutani katika kila darasa, na kutoka kila Sikio ukapita waya hadi Sikio Kuu lililoko uwanja wa taifa. Mshale ukigonga wekundu, somo limeeleweka. Usipogonga, halijaeleweka. Kwisha.

Kutoka hapo nchi ilinyooka kweli. Kipindi cha kwanza kila asubuhi kikawa mazoezi ya kifua. Kabla ya hesabu watoto walinyweshwa tangawizi ya moto. Bungeni walijadili msimu mzima kama mtoto mwenye mafua ahesabiwe ameelewa nusu, na hoja ikapita kwa kelele. Vitu vyote vyenye sauti vilivyoweza kulichanganya Sikio vilipigwa marufuku. Jogoo ndio walioanza kufukuzwa, baada ya mmoja kuwika karibu na dirisha la shule moja ya mashambani na kupandishwa cheo kuwa mwalimu mkuu. Alishika ofisi muhula mzima na hakuna mzazi aliyelalamika. Alipogundulika, jogoo wote wa nchi walisombwa wakavushwa mpaka, na Itikia ikabaki bila hata mmoja.

Walikuwa na daraja kubwa lililojengwa na wahandisi waliofaulu kwa Ndiyo kali sana. Lilianguka kila masika. Kila lilipoanguka, Waziri wa Uelewa, Mheshimiwa Vumo, alisimama ukingoni akatangaza, "Limeanguka kwa sababu ya mto. Tumeelewana?" Umati ukajibu, "Ndiyooo!" Wakalijenga tena vilevile.

Mambo mawili yalimkosesha Fidea raha. La kwanza, katika nchi ile mtoto kunyoosha mkono darasani ulikuwa ugonjwa. Waliuita mkono unaopanda wenyewe. Dokta aliitwa, mkono ukafungwa bandeji ubavuni mpaka utulie. La pili ni Nyumba ya Mipini. Masikio yale yalikula umeme, na umeme ulitoka kwenye nyumba ndefu isiyo na madirisha nyuma ya soko, ambako watoto wa madarasa yaliyoshindwa kuitikia walizungusha mipini ya chuma kutwa. Kila Sikio lilikuwa na mpini wake.

Asubuhi iliyofuata Fidea aliingia Sita B. Watoto wa miaka kumi na mbili, kumi na tatu, umri wa kubishana hata na kivuli, walikuwa wamekaa kama magunia. Dawati la mbele alikaa msichana mwenye uso mkavu, mkono wake wa kulia umefungwa bandeji kiunoni.

"Umevunjika, mwanangu?"

Darasa likashtuka. Mvulana mmoja mwenye meno makubwa akamjibia. Aliitwa Kiondo, na ulimi wake haukuwa na likizo.

"Hajavunjika, mwalimu. Mbonea mkono wake unapanda. Ulipanda kwenye hesabu za sehemu. Eti anataka kujua kwa nini ukigawanya kwa sehemu unaigeuza miguu juu."

"Na aliambiwa kwa nini?"

"Aliambiwa bandeji."

Mbonea hakucheka. "Kaka yangu Sempombe yuko kwenye mipini," alisema polepole. "Darasa lao lilishindwa. Sisi mshale wetu unashuka kila wiki. Shikamoo, mwalimu, lakini wewe na sauti yako hiyo umekuja kutumalizia."

Fidea akaitikia marahaba, kisha hakufundisha tangawizi wala kifua. Alichukua bilauri, akaijaza maji hadi pomoni, akaifunika kwa kipande cha kadi. Akaishika kadi kwa kiganja, akaipindua bilauri juu chini, akaisogeza juu ya kichwa cha Kiondo. Kisha akaondoa kiganja.

Maji hayakumwagika.

Kiondo alikuwa amefumba macho. Darasa zima liliacha kupumua. Hakuna aliyekohoa, hakuna aliyesogeza dawati. Ukutani mshale wa Sikio ukashuka, ukashuka, ukalala kwenye sufuri kwa mara ya kwanza tangu litundikwe.

Fidea mwenyewe ulimi ulimwasha. Lile neno, "tumeelewana," lilikuwa limefika mlangoni mwa meno. Akalimeza. Badala yake akauliza, "Kwa nini?" Akanyamaza, akangoja. Kungoja kule ndiko kulikokuwa kazi ngumu. Bilauri ilikuwa nzito.

"Gundi!" Kiondo akalipuka, bado amefumba.

"Hakuna gundi. Njoo uguse."

"Basi kadi imenyonya maji ikang'ang'ania."

"Tutajuaje?"

Na hapo, mabibi na mabwana wadogo, bandeji ya Mbonea ikakatika. Naapa ilikatika yenyewe, paa! Mkono ukapanda juu kama mche uliokuwa umelaliwa na tofali.

"Mwalimu, tuitoboe kadi! Kama ni kunyonya, tundu dogo halitaharibu kitu."

Wakaitoboa. Kiondo akaloa mpaka soksi, darasa likaangua kicheko ambacho Sikio liliandika kwamba ni uelewa wa hali ya juu.

Siku zilizofuata Fidea alifanya jambo ambalo hakuna mwalimu wa Itikia aliyewahi kulifikiria. Alilishusha Sikio kutoka ukutani, akaliweka mezani katikati yao. "Limewapima miaka yote," aliwaambia. "Sasa lipimeni nyie." Lo! Watoto wale waliokuwa magunia walilizunguka kama mtumba mpya uliofunguliwa. Walipiga makofi karibu nalo, kisha mbali, wakaona mshale unavyopungua. Wakalifunika blanketi. Wakaongea ndani ya mtungi. Wakagombana, wakarudia, wakakubaliana. Waligundua kwamba kinacholifikia Sikio ni mtikisiko wa hewa, basi. Mbonea akaunganisha na bilauri: hewa inayobeba kelele zetu ndiyo hiyohiyo inayoisukuma kadi kutoka chini na kuyazuia maji. "Kumbe Sikio halijui tumeelewa nini," alisema. "Linapima upepo wa midomo."

Kiondo akaleta debe la maharage kutoka kwao. Akalitikisa mbele ya Sikio. Mshale ukaruka ukapita wekundu, ukagonga ukingo wa kisanduku.

Haukupita muda akafika Mkaguzi Kishindo, bwana mnene anayeongea kana kwamba kila mtu yuko ng'ambo ya mto.

"SUFURI!" alinguruma. "Wizara imeona sufuri! Kisha ikaona kiwango ambacho hakijafikiwa tangu uhuru! Nani aliitikia?"

"Debe, mheshimiwa," Fidea alisema.

"Jina la baba?"

"Maharage!" Kiondo akadakia.

Kishindo akaandika. Papo hapo akatoa cheti cha heshima kwa mwanafunzi Debe Maharage, akampa na nafasi ya sekondari. Kisha akawageukia wengine. Sheria ilisema darasa lililoonyesha sufuri lisikilizwe hadharani. Siku ya sherehe ya taifa Sita B wangesimama uwanjani mbele ya Sikio Kuu na Mheshimiwa Vumo. Mshale ukigonga wekundu, wamepona. Usipogonga, darasa zima Nyumba ya Mipini, na mwalimu wao pamoja nao.

Kiondo alimsindikiza kwa macho mpaka akapotea. "Raha mustarehe," akasema. "Tunaingia na debe. Nalificha chini ya sweta, natikisa, tunarudi nyumbani kula. Mwalimu naye anaenda kwao."

Darasa likachangamka. Fidea alikiri moyoni kwamba hata yeye alichangamka. Aliiona njia ya kurudi nyumbani, nyeupe kabisa.

Mbonea peke yake hakuchangamka. Siku hiyo alikuwa ametoka kumpelekea kaka yake chakula, na walizungumza kupitia upenyo wa ukuta.

"Sempombe kaniuliza tulifanya nini siku ile ya bilauri," alisema. "Anasema mpini wa Sikio letu ulisimama. Msimamizi mwenyewe alishangaa, akasoma sheria ukutani: Sikio likilala sufuri, mpini wake upumzike. Tena kuna mstari wa chini. Sikio Kuu likilala sufuri, mipini yote isimame na waliomo watoke."

"Hiyo waliiweka pambo," Kiondo akabisha. "Nchi hii itanyamaza lini? Wanaongea hata wakipiga mswaki!"

"Tukiingia na debe tunapona sisi. Kaka yangu anabaki kule."

"Na tukikosa?"

"Tutakuwa naye."

Wakamgeukia Fidea awaamulie. Alitamani sana kusema. Lakini alikuwa amewafundisha kungoja, na sasa ilikuwa zamu yake kungojwa. "Mimi nimewapa bilauri," alisema mwishowe. "Debe ni lenu. Vyote vitakuwa mezani. Mtakachoshika, nitasimama nacho."

Siku ya sherehe jogoo wa kwanza alipowika, Fidea alikuwa ameshaoga na kuvaa gauni lake la semina. Uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya kuta. Katikati lilisimama Sikio Kuu, refu kama mnara wa simu, mshale wake mrefu kuliko mwanamume. Kelele ya umati tu ilitosha kuuweka karibu na wekundu. Jukwaani alikaa Mheshimiwa Vumo, suti nyeupe, kifua kama pipa.

"Watoto wa Sita B!" alinguruma. "Mmeelewa?"

Mezani vilikuwapo debe na bilauri. Kiondo alilitazama debe. Akaliinua, na Fidea akasogea akasimama naye, kama alivyoahidi. Kiondo akalitazama tena, akalishusha chini ya meza taratibu, lisitikisike hata harage moja.

"Nenda bwana," akamnong'oneza Mbonea. "Usinilowanishe tu."

Mbonea akachukua bilauri. Akapanda jukwaani ngazi kwa ngazi, maji yamejaa pomoni, kadi juu yake. Umati ukaanza kuguna. Askari wakatazamana, hakukuwa na sheria ya kukataza bilauri. Alipofika mbele ya waziri akasema, "Shikamoo, mheshimiwa. Naomba usitikisike." Akaipindua bilauri juu ya kichwa kile kilichochanwa vizuri, juu ya ile suti nyeupe. Akaondoa kiganja.

Nani angepumua? Umati mzima ulivuta pumzi na kuisahau humo ndani. Mama mmoja aliyekuwa katikati ya umbea aliacha mdomo wazi kwenye nusu ya jina la mtu. Mheshimiwa Vumo alipandisha macho, akaona maji yamening'inia juu ya paji la uso wake, hayashuki, hayaahidi chochote. Mshale wa Sikio Kuu ukashtuka. Ukashuka kidogo. Ukaendelea kushuka. Fidea alikuwa anautazama kwa jicho moja na mkono wa Mbonea kwa jicho la pili, na mkono ule ambao walikuwa wameufunga bandeji haukutetemeka.

"Kwa nini hayamwagiki?" Mbonea aliuliza, kwa sauti ndogo kama ya mwalimu wake.

Hakuna aliyejibu Ndiyo. Kwa swali lile Ndiyo haikuwa na pa kukaa. Wahandisi wa daraja walikunja nyuso. Wafanyabiashara walikunja nyuso. Mkaguzi Kishindo alikunja uso mpaka kofia ikamshuka. Nchi nzima ilikuwa inafikiri, na kufikiri, watoto, hakuna sauti. Mshale ukalala sufuri.

Mbali, nyuma ya soko, kikasikika kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekisikia kabla: mipini inasimama. Kisha mlango wa chuma ukafunguliwa, na miguu mingi, mingi, ikaanza kukimbia.

Hapo ndipo Mheshimiwa Vumo alipofanya jambo lililoandikwa mpaka leo katika historia ya nchi ile. Macho yakiwa bado juu, mkono wake wa kulia ukapanda wenyewe.

"Binti," alisema, "hivi... kwa nini?"

Kwanza ulilipuka uwanja. Kisha ikapanda mikono, kumi, mia, msitu wa mikono, na madokta waliokuja na bandeji walizitupa chini maana na wao walikuwa na maswali. Sempombe akaingia anakimbia, vumbi mpaka kope, akamnyanyua dada yake juu na bilauri yake. Kadi ikateleza. Suti nyeupe ililoa yote, na mheshimiwa alicheka kuliko mtu mwingine yeyote uwanjani, kwa sababu sasa alitaka kujua pia kwa nini yamemwagika.

Msidhani walilivunja Sikio. Fidea aliwakataza wasivunje chombo kizuri kwa kosa la waliokitundika. Sita B walilipeleka Sikio Kuu darajani, wakalifunga kwenye nguzo lisikilize mbao zinapoanza kulia. Masika yaliyofuata liliwaonya mapema, wahandisi wakanyoosha mikono, wakauliza, wakarekebisha, na daraja halikuanguka. Debe Maharage alifika sekondari akawa anahifadhi maharage, kazi aliyoifanya kwa uaminifu. Na Mwalimu Fidea alisindikizwa mpakani na nchi nzima. Askari yuleyule akampima akiaga. Mshale haukusogea. Akampigia saluti.

Hadithi yangu ikaishia hapo. Nikajifuta jasho, nikaridhika na nafsi yangu, na kwa mazoea ya uzee nikawauliza wale darasa la saba, "Tumeelewana?"

Sikusikia Ndiyo. Kisha kwenye dawati la mbele mkono ukapanda, wa binti mmoja aitwaye Bupe, mwembamba, anayetafuna kifuniko cha kalamu.

"Babu, samahani. Siku ya sherehe aliwika nani?"

"Jogoo," nikajibu bila kufikiri.

"Jogoo yupi? Umesema walivushwa mpaka wote, haikubaki na hata mmoja."

Nilijaribu. Mungu anajua nilijaribu. "Huyo alikuwa wa nchi jirani, mjukuu wangu. Siku hiyo upepo ulivuma upande ule."

"Lakini Babu," akadakia mwenzake wa dirishani, "kama jogoo wa jirani anasikika, si Sikio lingemsikia kila siku?"

"Na kufukuzwa kwao kungesaidia nini?" akauliza wa tatu.

Darasa lilikuwa limetulia, linanitazama, na sikuwa na waziri wa kumpindulia bilauri. Nikainua kikapu, nikamkabidhi Bupe jogoo wangu mwekundu, mkono kwa mkono, mbele ya mashahidi. Akampakata kwapani kama mwenye mali wa siku nyingi. Jogoo naye, asiye na haya, akatoa shingo akawika mpaka vumbi likadondoka kutoka kwenye ile projekta.

"Babu," Bupe akasema, "huyu kaelewa."

Walicheka mpaka mwalimu wao na fundi wakaja mbio. Nikachukua kofia na kikapu kitupu nikaelekea mlangoni haraka, maana kule nyuma mkono mwingine ulikuwa unapanda, na kikapu kile ni cha mke wangu.